Saa Tatu ya Kidonda

Newala, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Ukungu umefika hadi kwenye nondo
na maji ya kunawa ni nusu ndoo, tunagawana kwa kikombe.
Nilimgeuza Bi Somoe Likwata kifudifudi,
nikabandua shashi ya jana polepole,
nikalaza rula ya karatasi.

Urefu, sentimita nne na nukta sita.
Upana, tatu na nukta tisa.
Kina: kijiti cha pamba kilizama hadi alama ya pili.
Sakafu ya kidonda: nyekundu sita kwa kumi, njano tatu, nyeusi moja.
Ningependa kuandika: nyekundu kama bibo la alfajiri
kabla nyuki hawajaliona.
Fomu haitaki tashbihi.
Majimaji, kiasi. Harufu, hakuna. Kingo zimejikunja
kama mdomo wa mtu aliyeamua kutosema.
Hilo nalo sikuliandika.

Na shimo la pembeni, lililojificha chini ya ngozi:
sentimita mbili, saa tatu.

Nikaweka sahihi, nikaenda matanga Kitangari.

Chuoni walitufundisha kwamba kidonda ni uso wa saa,
kichwa cha mgonjwa ni kumi na mbili, miguu ni sita.
Basi mimi niliandika tatu kama ilivyochapwa kwenye saa,
kulia, upande wa ini.
Dafroza wa zamu ya usiku akasoma tatu
kama mama yake alivyomfundisha,
tatu ya chai, tatu ya kengele ya shule,
ambayo mshale wake mfupi unalala kushoto.
Akasindika shashi upande wa moyo,
pasipo na shimo,
akaandika: imefanyika. Mwandiko mzuri, hata herufi moja haikuyumba.
Wa zamu ya mchana akamfuata Dafroza.
Siku tatu.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni.

Tulisimama juu ya faili lile
kama watu wenye shamba moja na hati mbili.
Hakuna aliyedanganya. Namba ilikuwa ileile.

Bi Somoe, shavu juu ya kanga iliyokunjwa, akasema:
"Wanangu, mbona hamkuniuliza?
Siku zote hizi nalala hapa najua mnachokonoa pasipo na kitu.
Kinachoniuma kiko upande wa ini."

Fomu ina mistari ishirini na miwili.
Nimeipekua mbele na nyuma.
Hakuna mstari wa mwenyewe anasemaje.

Sasa nachora. Duara, na juu yake kilemba kidogo,
ili ajaye ajue kichwa kiko wapi.
Dafroza anang'ang'ania kwamba kichwa ni saa sita,
jua la utosi,
na ukikaa ukafikiri, ana haki,
kitabu chetu hakikuwahi kusema vizuri hivyo.
Tumeongeza maneno mawili: ini, moyo.
Karatasi imejaa hadi pembeni.
Muuguzi mkuu, Bi Nachingulu, alinuna siku nzima,
jioni akaomba nakala.

Leo: nne na nukta moja, kwa tatu na nusu.
Shimo, sentimita moja na nukta mbili, upande wa ini.
Nyeusi imekwisha.
Bi Somoe anataka kujua nimeandika nini.
Namsomea, naye anasikiliza
kama anayesomewa uzito wa korosho zake
kwenye mizani ya chama cha ushirika:
kila nukta anairudia chinichini,
asije mtu akaimeza njiani.

"Na maumivu?"
"Umeniambia saba kwa kumi."

Anacheka, mgongo wote unatikisika,
nashikilia shashi isidondoke.
"Hiyo saba," anasema,
"ni ya saa ya kwetu, au ya kitabuni?"